Kulipia foleni ya Nairobi: tathmini ya dereva kutoka Arusha

Kwa sisi tunaoishi Arusha, safari ya Nairobi kwa gari dogo ina sehemu mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza, kutoka Sakina hadi Namanga na kisha Kajiado na Kitengela, ni ya mwendo tu. Ya pili, kuanzia Mlolongo hadi mjini, ilikuwa ya kubahatisha, kwani mtu aliyeondoka nyumbani saa kumi alfajiri angeweza kufika Mlolongo saa tatu asubuhi na bado asijue kama angeingia Westlands saa nne au saa sita. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayouzwa na barabara ya juu ya kulipia, Nairobi Expressway, yenye kilomita 27.1 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyoanza kutumika kwa majaribio Mei 2022 na kuzinduliwa rasmi Julai mwaka huohuo. Nimeipita mara nne sasa, mara zote nikiendesha mwenyewe, na nikitakiwa kuipa alama ningeipa nne kati ya tano kwa muda na tatu kwa bei.

Kwanza muda. Kikomo cha mwendo ni kilomita 80 kwa saa, hivyo kwa hesabu ya kawaida safari nzima ni dakika 20. Mimi mara ya mwisho nilitumia 24, nikiwa na Mama kiti cha mbele akitazama malori yaliyosimama kule chini Mombasa Road kama mtu anayetazama mafuriko akiwa juu ya paa. Bodaboda, bajaji na waenda kwa miguu hawaruhusiwi kupanda, jambo linalompunguzia dereva nusu ya wasiwasi wake. Tangu Januari 2024 gari dogo hulipa shilingi za Kenya 170 kwa kipande kifupi na 500 kwa barabara yote, yaani karibu shilingi 10,000 za kwetu.

Penye malipo ndipo mgeni anapaswa kuwa makini. Barabara hutanuka ghafla na kuwa njia nyingi, kila moja ikiwa na geti lake, na juu ya kila njia kuna taa: mshale wa kijani ukimaanisha pita, alama ya X nyekundu ikimaanisha imefungwa. Mara yangu ya kwanza nilifuata mshale wa kijani bila kusoma herufi za pembeni yake, nikajikuta kwenye njia ya ETC, ambayo ni ya wenye kifaa kinachobandikwa kwenye kioo ili mashine ikisome na kukata fedha bila gari kusimama. Sikuwa na kifaa hicho. Kosa lilikuwa langu kabisa, na honi za nyuma zilinikumbusha hivyo hadi mhudumu mmoja alipokuja, akaniita "mzee wa Tanzania" baada ya kuona namba za gari, akanielekeza bila ukali wowote. Ushauri wangu ni kwamba ukiona geti mbele punguza mwendo mapema na usome maandishi pamoja na rangi, kwa kuwa kijani hakimhusu kila mtu.

Mabango hayo ya taa yana kazi kubwa zaidi ya kufungua na kufunga geti. Uingereza, kwenye barabara ya M42 karibu na Birmingham, tangu 2006 mabango yaliyo juu ya kila njia hushusha kikomo cha mwendo magari yanapozidi, na saa za msongamano yaliruhusu hata ukingo wa dharura utumike kama njia ya kawaida. Kupunguza mwendo ili kuwahi kunasikika kama kichekesho, lakini dereva yeyote wa njia nne ya Sakina hadi Tengeru anaelewa. Siku ya soko la Tengeru, Jumatano au Jumamosi, gari moja hukanyaga breki, la nyuma yake hukanyaga kwa nguvu zaidi, na la ishirini husimama kabisa ingawa mbele hakuna ajali wala trafiki mwenye tochi. Magari yakija taratibu kwa mwendo mmoja, mkanyagano huo wa breki hauanzi.

Bei ndiyo inayoninyima kutoa alama kamili. Kule San Diego, Marekani, kwenye barabara ya I-15, tangu 1998 tozo ya njia za kulipia hubadilika kila baada ya dakika chache: magari yakiongezeka inapanda ili baadhi ya madereva wabaki njia za bure, yakipungua inashuka, na bango humwonyesha dereva bei kabla hajaingia. Tozo ya namna hiyo inapanga foleni. Ya Nairobi inafuata umbali na aina ya gari, si wingi wa magari, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kumrudishia mwekezaji wa Kichina gharama zake katika mkataba wa miaka 27. Ni mantiki ileile ya tozo tuliyoizoea kwenye Daraja la Nyerere kule Kigamboni tangu 2016. Sioni ubaya katika kulipia ujenzi, ila mnunuzi ajue anachonunua, maana saa mbili asubuhi shilingi 500 zinaokoa saa nzima na mishipa ya shingo, lakini saa tano usiku zinaokoa dakika chache tu.

Ndiyo maana wakati wa kurudi, tulipotoka Westlands usiku baada ya kula, nilimuuliza Mama kama tupande juu au tupite chini. Akachungulia Mombasa Road, akaona taa nyekundu za magari mawili matatu tu, zinatembea, akasema, "Mwanangu, hiyo mia tano tutanunua mafuta Namanga." Tukapita chini, tukafika Mlolongo bila kusimama popote isipokuwa kwenye taa za barabarani.