TAHADHARI: Kuna jamaa anauza springi na magazini za Ceska hapa Mombasa, ni kuukuu zimepakwa rangi

Wenzangu mlio na leseni hapa Mombasa, kuanzia Likoni mpaka Mtwapa huko, someni hii kabla hamjamtumia mtu pesa. Kuna jamaa anazunguka anauza springi na magazini (vile visanduku vya kutilia risasi) na spea zingine za bastola, anasema ni mpya, orijino, za kiwandani. Si mpya na si orijino. Mie amenilia Sh18,500, lakini wallahi si hizo pesa zinazonikosesha usingizi, ni kwamba kwa siku tisa nilitembea na chuma kiunoni nikiamini kimepona na kumbe kiko hali mbaya kuliko mwanzo, na nisingeenda renji kupiga shabaha ningekuja kujua siku ya haja yenyewe.

Nianze mwanzo ndio muelewe. Nina duka la vifaa vya ujenzi upande wa Changamwe, nshavamiwa nikifunga jioni na kijana wangu wa kazi akaumizwa, baada ya hapo ndio nikaomba leseni. Bastola yangu ni CZ 75, hii tunayoiita Ceska tu, ile ya chuma kitupu ambayo hata bila risasi inapita kilo moja. Modeli yenyewe ilitoka Chekoslovakia mwaka 1975, yangu ni ya miaka ya themanini, nilinunua ikiwa imeshatumika kwa dila aliyesajiliwa, na ule uhakiki wa wenye silaha wote ulioamriwa Desemba 2018 nilienda nikapita. Miaka yote hiyo haijanisumbua hata siku moja, nasema hivi msije mkadhani naisema vibaya Ceska, ile ni mashine ya maana sana.

Sasa kama mwaka mmoja na nusu uliopita ndio ikaanza. Unafyatua, ganda badala ya kuruka nje linanaswa pale kwenye dirisha la slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma na mbele, limesimama kama mshumaa. Unagonga kitako cha magazini, unavuta slaidi, linaanguka, unaendelea, baada ya risasi kumi na kitu tena. Nikasafisha kila pembe ninayoifikia, haikuacha. Nikabadilisha boksi la risasi, nikachukua za kampuni nyingine, haikuacha. Nikampa mwenzangu pale renji apige yeye, manake ukishika bastola mkono umelegea inaweza kukufanyia hivyohivyo, naye akapiga ikakwama mara mbili. Nikachukua rangi ya kucha ya binti yangu nikaweka nukta moja kwenye magazini ya kwanza na nukta mbili kwenye ya pili, nikapiga risasi 50, nikawa naandika kila ikikwama ilikuwa na magazini gani. Ilikwama mara nne, mbili huku mbili huku. Kwa hiyo hapo nilipaswa kujua kwamba magazini hazina makosa, na hilo likumbukeni manake ndilo nililolisahau nilipokutana na huyu bwana.

Jamaa mwenyewe nilipewa namba yake na mtu ninayemjua, ambaye naye alipewa na mwingine. Anaongea vizuri sana, anajua majina ya vipande vyote, anakuita "brother" na "sheikh" na kila kitu. Akasema yeye ni ajenti wa dila mmoja mwenye leseni, hakumtaja. Nikamweleza tatizo, hata sijamaliza akasema hiyo ni springi kubwa, ile ya kurudisha slaidi mbele, imechoka na magazini zimechoka, badilisha zote, springi Sh4,500, magazini mbili Sh7,000 kila moja. Halafu akataka nimuachie bastola siku mbili aifanyie "sevisi". Hapo nikakataa katakata na namshukuru Mungu. Akasema sawa, basi chukua spea uweke mwenyewe. Tukakutana kwenye kituo cha mafuta upande wa Kisauni, hana duka, yuko ndani ya gari, mzigo uko kwenye bahasha ya khaki. M-Pesa akanipa namba nyingine tofauti na ile tunayoongea, jina lililotokea ni la mwanamke, nikauliza, akasema ni mkewe. Nikatuma.

Nilipofika nyumbani nikatoa risasi zote, nikaangalia chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, mara mbili, nikalinganisha zile alama mbili za nyuma, ya kwenye slaidi na ya kwenye fremu, nikasukuma pini ya stopa ikatoka, nikavua slaidi nikaweka springi "mpya". Ilikuwa ngumu kweli kuivuta, nikafurahi, nikasema hapa sasa kuna nguvu. Nikatia na magazini zake. Siku tisa nikatembea nayo hivyo.

Jumamosi yake nikaenda renji. Risasi 30 za kwanza ilikwama mara kumi na moja. Na si lile ganda la kusimama peke yake, sasa kulikuwa na mapya, slaidi inarudi mbele lakini haifungi mpaka mwisho, inabaki milimita moja mbili hivi, ukibonyeza triga hakuna kitu, inabidi uisukume kwa dole gumba. Mara tatu risasi ilitoka kwenye magazini ikiwa imeinua pua juu ikagota hapo. Nikaacha kupiga, mikono inatetemeka, nikakaa kwenye benchi nikimfikiria mke wangu na watoto na zile siku tisa.

Usiku nikatandika gazeti kwenye meza ya jikoni nikaitoa ile springi nikailaza kando ya ile yangu ya zamani. Hapo ndio nikaona, na nataka na nyinyi muone. Springi ya kiwandani mizunguko yake imepangika sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hii yake katikati imeachana, kwenye ncha imebanana, yaani imeshikwa na kuvutwa kwa mkono irefuke. Ndio maana siku ya kwanza inakuwa ngumu, halafu ukiifanyisha kazi kidogo inarudi ilikokuwa, ilikuwa imeshapungua karibu upana wa kidole kutoka nilipoiweka. Ncha moja imekatwa na grainda, ukipitisha kidole inakwaruza. Nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa nikaisugua, kitambaa kikatoka cheusi ti, na chini ya rangi kuna vishimo vya kutu vile vya kitu kilichokaa na chumvi ya bahari miaka. Magazini nazo rangi ilitoka vilevile, na ile midomo ya juu inayoshika risasi ina alama za koleo pande zote mbili, wameibana waifunge, upande mmoja umeingia ndani zaidi kuliko mwingine. Magazini ikiwa midomo yake haiko sawa, risasi haiwezi kupanda sawa, hata ungeiwekea springi ya dhahabu.

Na pakiti. Ile springi ilikuja kwenye kijipakiti cha plastiki chenye karatasi imechapishwa "Made in Czechoslovakia", na yeye aliniambia ni ya mwaka jana. Jamani, Chekoslovakia iligawanyika tarehe 1 Januari 1993! Ikawa Ucheki na Slovakia. Bastola za zamani zina hayo maandishi ni sawa, lakini kitu cha mwaka jana kitakuwaje na jina la nchi ambayo haiko zaidi ya miaka thelathini. Niliishika hiyo pakiti kwa mkono wangu na sikusoma.

Nikampigia, akapokea mara moja, akasema nimeweka vibaya. Mara ya pili akasema nimletee bastola mwenyewe aiangalie usiku. Mara ya tatu kanibloku.

Basi nikafanya kile nilichotakiwa kufanya mwanzo, nikaenda kwa dila aliyesajiliwa, mwenye fundi wake na daftari lake, akaandika cheti changu na namba ya bastola kabla hajaigusa. Fundi ni mzee mtu mzima, anavaa miwani mbili kwa zamu. Hakuniuliza springi kwanza, aliniuliza, "Maganda yako wapi?" Bahati nilikuwa nayo kwenye mfuko. Akayapanga akaniitia niangalie kitako cha ganda, pale kwenye ukingo, kuna kijialama cha kukwaruzwa, kila ganda mahali palepale. Akasema, "Mwanangu, kucha yako imekula."

Kucha ni ile ekstrakta, kile kindoana kwenye ubavu wa slaidi. Kazi yake ni kwamba bastola ikipiga, slaidi inarudi nyuma, kucha imelishika ganda kwenye ukingo inalivuta kutoka kwenye chemba, likifika nyuma linagonga kipande kiitwacho ejekta kilicho kwenye fremu, ndio linaruka nje. Halafu springi kubwa inarudisha slaidi mbele ikiwa inabeba risasi nyingine kutoka magazini. Sasa kucha ikiwa imechakaa inaliachia ganda njiani kabla halijagongwa vizuri, halina nguvu ya kuruka, slaidi inarudi inalikuta bado liko mlangoni. Ndio ule mshumaa.

Akanionyesha. Alivua slaidi, akachukua ganda tupu, akalichomeka chini ya kucha kama linavyokaa likiwa kazini, akaitikisa slaidi taratibu tu. Ganda likaanguka hapohapo, ting, kwenye kioo cha kaunta. Akarudia mara tatu, ting, ting. Akatoa kapini akaivua ile kucha, chini yake kuna uji mweusi wa masizi na mafuta ya zamani yaliyogandana na kutu, na kispringi chake kidogo kimekufa. Kumbe mie kusafisha kwangu kote sijawahi kufika pale. Akaniuliza naibeba wapi, nikamwambia kiunoni chini ya shati, akasema hapa kwetu jasho na hewa ya chumvi vinaingia humo polepole, hasa wakati wa kaskazi joto likiwa kali, na mtu anapangusa nje inang'aa anaridhika.

Akaweka kucha mpya na kispringi chake, akarudia kutikisa, ganda limeshika halitoki mpaka ulitoe kwa mkono. Springi kubwa akasema ile yangu ya zamani kweli ilikuwa imechoka kiasi, akanibadilishia kwa iliyo mpya kweli, manake springi hiyo ni kitu cha kubadilisha kila baada ya risasi elfu kadhaa, slaidi isije ikawa inaipiga fremu mpaka ipasuke. Magazini zangu za nukta moja na mbili akazipima akasema hazina neno, zirudi kazini. Bei ya kazi yote haikufika nusu ya nilichompa yule mwizi. Wiki iliyofuata nikapiga risasi 100, haikukwama hata moja.

Sasa hili la kuachia bastola nalirudia kwa sababu najua wako watakaoambiwa wamuachie. Kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mtu anayefanya biashara ya kuuza au kutengeneza silaha lazima awe dila aliyesajiliwa, na kinachoingia na kutoka kinaandikwa. Ukimpa mtu wa kwenye gari, wewe ndiye mwenye makosa. Bastola ina namba yako, akiikodisha usiku mmoja tu mtu akapigwa nayo Kisauni au popote, watakuja kukutafuta wewe na huna karatasi ya kuonyesha ilikuwa kwa nani. Vilevile huyu jamaa alinigusia kwamba anaweza kunipatia risasi za rejareja "bila mambo mengi". Msithubutu, risasi zinanunuliwa kwa cheti na zinaandikwa, na mtu anayepaka rangi springi sijui kwenye risasi anafanya nini.

Nimeshaandikisha kituoni, nina namba ya OB (lile daftari la matukio la polisi), springi na magazini zote mbili na ile pakiti ninazo kama ushahidi. Namba yake siiweki hapa kwa sababu anabadilisha laini na sitaki kumchomea mtu mwingine atakayeirithi, lakini mkimwona mtamjua kwa mtindo: hana duka, ajenti wa dila asiyetajwa, bahasha ya khaki, M-Pesa ya jina lingine, na kabla hujamaliza kueleza tatizo ameshajua cha kukuuzia.

Kama ulinunua kwake tangu Ramadhani iliyopita, leo usiku toa risasi, hakikisha chemba iko tupu, ivue, ilaze springi yake kando ya ile uliyoitoa, na uipitishe kitambaa cha mafuta ya taa. Ikitoa rangi nyeusi usiibebe kesho, rudisha ile yako kwa muda uende kwa fundi wa dila, na pakiti usitupe, ije tuiunganishe kwenye OB hiyohiyo.