Programu za simu za kupima nguvu za miguu na mwendo wa mzee: ipi ilipiwe, ipi iachwe

Simu yako tayari ina saa ya kuhesabu sekunde, na vipimo vikuu vinahitaji kiti na mita 4 za sakafu tu. Programu ilipiwe pale tu inapokishinda kidole chako kinachobonyeza saa hiyo. Na kidole hukosea: mzee akitembea mita 4 kwa sekunde 5, kasi yake ni mita 0.8 kwa sekunde, mpaka wa kuanza kutilia shaka. Chelewa kubonyeza nusu sekunde, utasoma 0.73. Badiliko la 0.1 tayari ni kubwa kiafya.

Nafasi ya kwanza tunaipa programu inayotumia vihisi vya simu iliyofungwa mwilini, kiunoni kwa nyuma. Kwenye kipimo cha kusimama na kuketi mara 5, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, kupita sekunde 15 ni dalili ya misuli dhaifu. Lakini wazee wawili wanaweza wote kutumia sekunde 14, mmoja akijikokota kuinuka, mwingine akiinuka vizuri kisha kujibwaga kitini. Saa haiwatofautishi, kihisi huwatofautisha. Mkanda ukilegea, simu hutikisika na namba huharibika. Hakikisha pia simu ina jiroskopu, yaani kihisi cha mzunguko, maana nyingi za bei ya chini hazina, na bila hiyo mgeuko kwenye kipimo cha kuinuka, kutembea mita 3 na kurudi hausomeki sawasawa.

Ya pili ni ya kamera. Haimfungi mzee chochote, ila inadai stendi, mwanga wa kutosha na mwili mzima kuonekana kwa ubavu. Nguo pana huficha magoti, na programu hukisia. Uliza pia kama video inabaki kwenye simu au inatumwa kwenye seva.

Ya tatu ni bure: iPhone 8 na za baadaye, kuanzia iOS 15, hukadiria uthabiti wa kutembea zenyewe. Inafaa kufuatilia mwelekeo wa miezi, mradi simu ikae mfukoni karibu na kiuno. Ikishinda mezani, haipimi kitu.

Mwisho kabisa ni zinazopima mwendo wa dakika 6 kwa GPS. Ndani ya nyumba hazifai, na hata nje, kurudi na kwenda kwenye njia fupi huzivuruga.

Programu yoyote inayotoa alama kati ya 100 bila kuonyesha sekunde zenyewe, iache, hata iwe na rangi za kupendeza namna gani. Daktari hatajua aifanyie nini.

Kiti kiwe kilekile kila mara, kimo cha sentimita 43 hivi, bila mikono, kimeegemezwa ukutani. Simama ubavuni mwa mzee, si nyuma ya simu, na ukisimamishe kipimo akihisi kizunguzungu au maumivu ya kifua.