Walinikatia kitabu cha 1911 sawa TFC ya mwanafunzi

Ndugu wa Lubumbashi wenye muko na vitabu vya zamani nyumbani, someni hii mbele hamujapeleka kitu kwa hawa watu wa kufunga vitabu. Jina siseme, ni moja ya zile nyumba zinafunga TFC na memwari, zile kazi wanafunzi wa chuo wanaandika mwisho wa masomo, na kwa hiyo kazi sikuwa na neno, ya mdogo wangu ilitoka safi kabisa.

Mimi nakusanya vitabu vya utumwa na vya wasosialisti wa zamani, zaidi vile vinagusa Kongo ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Nilichopeleka ni cha Émile Vandervelde, La Belgique et le Congo, Paris 1911. Ni yule mbunge msosialisti wa Ubelgiji alikuja mwenyewe huku 1908, halafu 1909 akarudi mpaka Léopoldville, Kinshasa ya leo, kumtetea kortini William Sheppard, mmisionari mweusi wa Marekani, kampuni ya Kasai ilimushtaki ju aliandika namna Wakuba, watu wa Kasai, wanateswa ju ya kuvuna mpira wa porini, na kampuni ikashindwa. Kitabu cha mtu huyo njo niliwapa mkononi.

Uzi wa mgongoni ulilegea, basi. Nikaambia kijana, nikarudia mbele ya patroni, mwenye nyumba: shoneni, kava ya karatasi ibaki, pembeni musikate hata kidogo. Ju vitabu vya Kifaransa vya wakati ule vilitoka na kava laini ya karatasi, kurasa hazijanyolewa, mnunuzi njo alipeleka kwa mfungaji wake na wengi kava ilitupwa huko, njo maana chenye bado iko nayo kinatafutwa sana. Wakaitika ndiyo papa, ndiyo papa.

Siku ya kuchukua napewa tofali nyeusi, plastiki inang'aa, herufi za dhahabu. Nafungua, pande tatu zote zimepita kwenye mashini. Mwenyewe wa zamani alikuwa ameandika pembeni na kalamu ya risasi, maandishi madogo madogo, mengi pale kwenye kazi ya kulazimishwa, mtu alikuwa anabishana na Vandervelde ukurasa kwa ukurasa na ni hayo yalifanya nikipende hiki kitabu kuliko vyote niko navyo. Sasa upande wa kulia maneno yamepoteza mwisho, upande wa kushoto yamepoteza mwanzo. Hakuna hata sentensi moja nzima imebaki.

Na kava? "Ilikuwa imeoza papa, tulitupa, tumekufanyia mpya." Patroni akatoka nyuma, hata jambo hakusema, "Papa, unatupigia kelele ju ya makaratasi ya wazungu? Lipa, watu wanangoja." Makaratasi ya wazungu! Ndani mule kuko jasho la babu zetu, zake na zangu, na yeye ameitia kwenye takataka anadai pesa.

Nisiseme uongo, uzi wenyewe umeshonwa vizuri sana, kitabu kinafunguka kinalala wazi bila kukushika mkono. Aliyeshona ni mzee mmoja anakaa kule nyuma, kazi alifundishwa na wamisionari, yeye peke yake alinifuata nje akasema pole mwanangu, mi nilimaliza kushona tu, wakakipokonya. Ju yake nilitaka kutoa nyota mbili, hata tatu, kazi ya mkono sawa ile siku hizi utaiona wapi. Lakini jana nimefungua tena ile sehemu ya kazi ya kulazimishwa na hapana, hata moja ni zawadi. Na memwari zenu pia musipeleke, nyumba unaiambia usikate inakata, kesho itakata na grafu yako halafu profesa akuulize wewe.

Niko na kingine, cha Félicien Cattier, Mbelgiji mwingine aliandika ju ya Kongo ya Leopold, cha 1906, mgongo unaachana, hicho kinabaki kwenye boksi lake. Yule mzee akianza kushonea kwake nyumbani munijulishe, nitamupelekea siku hiyo hiyo.