Chupa za oktani kwenye Sienta ya nyumbani

Nilinunua chupa nne za dawa ya kupandisha oktani ya petroli, kila moja shilingi 25,000. Tatu nimezimimina kwenye tangi, ya nne bado ipo, na anayeitaka aje tuzungumze.

Gari ni Toyota Sienta, ile ya zamani ya siti saba, injini 1NZ-FE ya sisi 1,500. Kazi yake ni shule asubuhi, soko la Mgandini jioni, na kila Idi kupanda Lushoto kwa wakwe zangu tukiwa tumejaa mpaka na kuku. Safari hiyo ndiyo iliyoniingiza kwenye mambo haya. Kutoka Mombo ni kilomita 33 za kilima na kona, na tulipokaribia Soni injini ikaanza kugonga kila nikikanyaga mafuta, ka-ka-ka-ka, kama njugu zinazotikiswa ndani ya kopo. Nikilegeza mguu, kimya.

Tuliporudi Tanga kila mtu akawa fundi. Binamu yangu wa Muscat akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne: sheli za kule zina petroli ya M91 na M95, yaani oktani 91 na 95, na yeye gari yake huinywesha 95 tu. Kijana wa duka la spea akamalizia kazi. "Mama, mimina yote, kisha jaza tangi. Wiki ijayo utakuja kunishukuru."

Nikamimina. Nilijaza kwenye pampu ileile kila mara, mpaka inakata yenyewe, na kilomita nikaziandika nyuma ya daftari la hesabu la mwanangu. Tangi tatu bila chupa zilinipa kilomita 13.6 kwa lita. Tangi tatu zenye chupa, 13.7. Tofauti hiyo hata upepo wa baharini unaweza kuileta. Mume wangu aliapa kwamba gari imechangamka, lakini huyu huyu husema hivyo kila ikitoka kuoshwa.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu. Alifungua kifuniko cha tangi, akaelekeza kamera ya simu kwenye maandishi ya Kijapani ambayo nimeyaona miaka yote nikidhani ni onyo la sigara, simu ikatafsiri: petroli ya kawaida, isiyo na madini ya risasi. Kwa kiwango cha Japani, ya kawaida ni oktani 89 kwenda juu. Ile ya juu, wanayoiita haioku, inaanzia 96. Na oktani yenyewe si nguvu, kama nilivyokuwa nadhani. Ni kipimo cha jinsi petroli inavyovumilia kubanwa na joto bila kujilipukia kabla ya zamu yake. Injini ya tabo au inayobana sana inaihitaji. Yangu inabana 10.5 kwa 1, na Toyota waliipangia ya kawaida, kwa hiyo nikiiongezea uvumilivu haina pa kuutumia.

Wamarekani nao wameliwa. Mwaka 2016 chama chao cha wenye magari, AAA, kilipima kikaona magari ya petroli ya kawaida hayapati faida yoyote kwenye ile ya bei, kikakadiria kuwa wenye magari hayo wametupa dola bilioni 2.1 ndani ya miezi 12. Laki moja yangu imepata wenzake.

Halafu soma chupa vizuri. Yangu inajisifu kupandisha "pointi", na kwenye biashara hii pointi 10 ni oktani moja tu.

Sasa kule kugonga. Nilikwenda kwa fundi Ngamiani, akafungua plagi ya kwanza, akainyanyua kwenye mwanga. Ncha yake ilikuwa nyekundu kama tofali lililochomwa. Akaisugua kwa kidole gumba, rangi haikutoka.

"Dada, umekuwa ukiweka dawa gani humu?"

Nikamwambia. Akacheka, akasema baadhi ya chupa hizi zina madini ya chuma au manganizi, na yakishaungua hubaki hapo hapo. Kisha akasoma namba iliyoandikwa kwenye plagi, akanyamaza. Hazikuwa za Sienta. Aliyekuwa na gari kabla yangu alifunga plagi zinazotunza joto kupita kiasi, na kwenye kilima, na mzigo ule, petroli ikawa inawaka kabla ya wakati. Tukafunga nne mpya za namba yake na eya klina mpya, kwa pesa isiyofika hata nusu ya niliyomwaga kwenye chupa.

Idi iliyofuata tukapanda. Petroli ya kawaida, watu saba, kuku wawili. Hapo Soni nilizima redio makusudi nisikilize. Nikasikia kuku tu.

Jirani yangu ana Subaru Forester ya tabo, na kifuniko chake kweli kimeandikwa haioku. Nikampelekea ile chupa ya nne kwa roho safi. Akaigeuza, akasoma nyuma, akaniuliza plagi zangu zilitoka na rangi gani. Nikamwambia ukweli.

"Ahsante, mama watoto," akasema, akanirudishia mkononi.