Kuzuia Ndege Wasijenge Viota Kwenye Kibanda cha Bustani: Kipi cha Kununua Kwanza

Kibanda cha kupumzikia bustanini, kiwe cha makuti au cha bati, huwavutia shomoro na njiwa kwa sababu pale paa linapokutana na boriti hubaki mianya yenye kivuli isiyofikiwa na mvua wala paka. Vifaa vinavyouzwa kwa ajili ya tatizo hili ama huziba mianya hiyo ama humtisha ndege, na nimevipanga kwa kuuliza jambo moja tu: ndege akishakizoea kifaa, je, bado kitamzuia?

Nafasi ya kwanza naupa wavu wa waya, bila kusita. Jambo la kuangalia dukani ni ukubwa wa tundu kabla ya bei, kwa kuwa shomoro huzuiwa na matundu yasiyozidi takribani milimita 20, ilhali njiwa huzuiwa hata na matundu ya milimita 50. Ndiyo maana waya wa kuku wenye matundu mapana humfukuza njiwa na kumwachia shomoro mlango wazi. Ninaupendelea kuliko kuziba kwa mbao, kwani huruhusu hewa kupita na kenchi hazishiki unyevu. Kwa wanaoishi karibu na bahari, kama Mombasa, Tanga au Unguja, chumvi hula upesi waya uliopakwa zinki, hivyo waya wa chuma kisichoshika kutu, ingawa ni ghali zaidi, ndio unaofaa kununuliwa.

Wavu wa plastiki unafuata. Ni mwepesi, ni nafuu na haushiki kutu, lakini ni lazima uwe umetengenezwa kustahimili jua, la sivyo utakatika vipande vipande. Kwa kibanda cha makuti nauona kuwa chaguo zuri, kwa sababu unaweza kutandazwa juu ya paa ili ndege wasichomoe nyuzi, na mwingine ukafungwa kwa ndani. Uvutwe ukakamae kabisa: wavu uliolegea, hasa wavu chakavu wa kuvulia samaki, hunasa ndege mguu au bawa akafa polepole, na hilo halikubaliki kwa ajili ya usafi wa viti.

Miiba ya plastiki au chuma naiweka ya tatu, tena kwa njiwa pekee, juu ya boriti wanazotua. Shomoro huingiza majani katikati yake na kujengea humo humo. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walieleza viota vya kunguru na jamaa zake, kutoka Rotterdam na Antwerp, vilivyojengwa kwa miiba iliyotengenezwa kufukuzia ndege.

Bundi wa plastiki, sahani za CD na utepe unaong'aa hufanya kazi kwa siku chache, kisha ndege huvizoea. Mashine za sauti zisizosikika na binadamu sishauri kabisa zinunuliwe, maana ndege wengi hawasikii sauti za juu kiasi hicho. Gundi nayo iachwe dukani, kwa kuwa huganda kwenye manyoya na kumzuia ndege kuruka.

Kabla ya kufunga chochote, kagua kila mwanya. Ukikuta mayai au makinda, subiri: kwa shomoro, tangu kutagwa mayai hadi makinda kuruka huchukua takribani mwezi mmoja, na ukiziba mapema makinda watafia ndani na kuoza juu ya vichwa vya wageni wako. Wakishaondoka, vaa barakoa na glavu, lowanisha kinyesi kwa maji kabla ya kukikwangua, kwa sababu vumbi lake kavu linaweza kubeba vimelea vya kuvu vinavyodhuru mapafu, kisha ondoa kiota chote na ufunge wavu siku hiyo hiyo, kwani shomoro hurudi haraka kujenga pale pale.