Kikokotoo cha umbali wa viwanja vya ndege: kilomita naziamini, saa siziamini

Siku ya kwanza kukitumia, kiliniambia kutoka Los Angeles mpaka Melbourne ni kilomita elfu tatu na kitu, chini ya saa tano angani. Nikafurahi, halafu nikashtuka. Kutazama ramani iliyo chini ya jibu, mstari umeishia Florida! Kumbe huko nako kuna Melbourne, na ina kiwanja chake, msimbo MLB. Ya Australia ni MEL. Tangu hapo siandiki jina la mji, naandika herufi tatu tu.

Kwa herufi sahihi nilipata kilomita 12,750 hivi na saa 14 na dakika 40. Ukiifuatilia hesabu yake utaona ni ya darasani: umbali unagawanywa kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, kisha inaongezwa nusu saa ya kupaa na kutua. Basi. Tiketi yangu ilisema karibu saa 16 kwenda, na saa 14 na nusu kurudi. Tofauti hiyo inaletwa na upepo. Kule juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo ukielekea Australia unapambana nao, ukirudi unakusukuma. Kikokotoo hakiyajui hayo. Geuza viwanja utakavyo, hakibadilishi hata dakika. Tena saa za tiketi huanza ndege inapong'oka mlangoni hadi isimame mlango wa pili, na foleni ya kuruka imo humo humo.

Kwenye umbali sina ugomvi nacho. Nilichukua tufe la dunia na uzi, nikabana ncha moja London na nyingine Los Angeles, nikaukaza. Ukapita Greenland, vilevile mstari wa kikokotoo ulivyopinda kwenye skrini. Ukiuona mstari huo kwenye ramani ya ukutani utadhani rubani amepotea. Jambo moja la kuangalia ni vipimo: maili ya kawaida ni mita 1,609, ya baharini ni 1,852, nacho kinaziweka zote mbili bega kwa bega.

Ila umbali huo ni wa njia fupi kabisa, na anga si wazi kila mahali. Jaribu Helsinki na Tokyo: kitakupa saa tisa na kidogo. Tangu anga ya Urusi ifungwe kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, ndege zinazotoka huko huzunguka, na safari hukaribia saa 13.

Nakipa nyota tatu. Ningekipa nne kama kingesema lolote kuhusu tarehe. Niliondoka Los Angeles Jumatatu saa nne na nusu usiku, nikatua Jumatano asubuhi. Jumanne yangu ilimezwa na mstari wa tarehe katikati ya Pasifiki, ambao ukiuvuka kwenda magharibi unaruka siku moja mbele. Kurudi ikawa kinyume: nimeruka saa tatu asubuhi, nimefika alfajiri ya siku ileile, yaani kabla sijaondoka. Rafiki aliyekuja kunipokea Melbourne alikuwa ameshakuja bure Jumanne mchana. Saa nilimpa mimi mwenyewe, nimezitoa kwenye kikokotoo hiki hiki.