Kanzidata ya vihisi: ipi ya kuchukua, ipi ya kuacha

Anza na hesabu, jina la bidhaa lifuate. Tuseme una vihisi 200 vya joto kwenye vyumba vya baridi, kila kimoja kinatuma kipimo kila sekunde 10. Kihisi kimoja kinakupa vipimo 8,640 kwa siku, vyote 1,728,000, na mwaka mzima kama milioni 630. Kwenye PostgreSQL ya kawaida, yaani kanzidata ya majedwali, mstari wenye saa, namba ya kihisi na kipimo unakula baiti 50 hivi, maana kichwa cha mstari peke yake ni 24. Mwaka ukiisha ni GB 30 na ushee, bila faharasa (orodha ya kuharakisha utafutaji). Mzigo huu seva moja yenye RAM ya GB 8 na SSD ya GB 500 inaumudu. Anayekushauri mtambo wa seva tano anakukodisha lori kubeba gunia moja.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza tunaipa PostgreSQL yenye nyongeza ya TimescaleDB. Inagawa jedwali vipande vya siku saba saba usipoiambia vingine, inabana vile vya zamani, na kufuta data ya mwaka juzi ni kutupa kipande kizima badala ya kufuta mstari mmoja mmoja. Joto lisilobadilika sana hubanika mno, mara nyingi hubaki sehemu ya kumi au chini. Hakikisha ubanaji umepangwa kwa namba ya kihisi. La sivyo, ukiuliza habari za chumba kimoja, mashine itafungua vyumba vyote. Tena, baadhi ya watoa huduma wanaweka toleo la TimescaleDB lenye leseni ya Apache tu, ambalo halibani. Uliza kabla ya kulipa.

ClickHouse, kanzidata ya uchambuzi, ni ya pili, na inapanda ya kwanza ukiwa na mabilioni ya mistari unayotaka kuijumlisha kwa sekunde chache. Udhaifu wake ni kuandika kidogo kidogo. Ukiilisha kipimo kimoja kimoja, itaanza kulalamika "Too many parts" na kukataa data. Kusanya mistari 10,000 au zaidi ndipo uandike, au washa uandishi wake wa kusubiri (async insert), unaokusanya mistari wenyewe kabla ya kuiandika.

InfluxDB, kanzidata ya vipimo vya saa kwa saa, tunaiweka ya tatu. Kuanza nayo ni rahisi, lakini lugha yake ya maswali imeyumba: InfluxQL, kisha Flux kwenye toleo la 2, kisha SQL na InfluxQL tena kwenye la 3. Aliyeandika dashibodi zake kwa Flux ana kazi ya kuziandika upya. Matoleo ya 1 na 2 pia humaliza RAM ukiweka kitu kinachobadilika kila mara, kama namba ya risiti, kwenye lebo (tag) ya kipimo.

Huduma ya wingu iliyofungamana na kampuni moja ni ya mwisho. Google ilifunga IoT Core, huduma yake ya kuunganisha vifaa, tarehe 16 Agosti 2023, na Amazon ikaacha kupokea wateja wapya wa kanzidata yake ya Timestream for LiveAnalytics tarehe 20 Juni 2025. Kukodi seva mtandaoni si tatizo. Tatizo ni vifaa vinavyojua kuzungumza na mlango mmoja tu.

Pesa utakayookoa iweke kwenye kompyuta ndogo iliyo pale pale kwenye vihisi, maana huko ndiko data nyingi hupotelea. Usiiachie memori kadi: kuandikwa mfululizo kunaichosha, na umeme ukikatika katikati ya kuandika faili huharibika. Weka SSD, UPS ndogo, na SQLite (kanzidata ndogo ya faili moja) yenye WAL, yaani inayoandika mabadiliko kwenye daftari la pembeni kwanza, kama ghala la muda. Kituo chenye vihisi 20 kikikosa mtandao siku mbili kinalimbikiza mistari 345,600, makumi machache tu ya MB.

Mtandao ukirudi, tarajia mambo mawili. Kwanza, MQTT, itifaki ya kutumia ujumbe kati ya vifaa, kwa QoS 1 (ujumbe ufike angalau mara moja) inaweza kuleta kipimo kilekile mara mbili, kwa hiyo fanya namba ya kihisi pamoja na saa viwe ufunguo usiojirudia, na mstari wa pili upuuzwe. Pili, kifaa kisicho na betri ya saa kikiwaka upya huenda kikadai ni mwaka 1970. Kikatalie, na saa zote zihifadhi kwa UTC (saa ya kimataifa). Zile saa 3 za Afrika Mashariki ziongezwe kwenye skrini.

Kabla ya kusaini mkataba wowote, mwombe muuzaji akutolee data ya mwezi mmoja kwenye faili za CSV au Parquet, ambazo programu nyingine zinaweza kuzisoma, mbele yako, na upime inachukua dakika ngapi.